Springi Niliyoichora Nimeikuta Kariakoo

Leo nimelia mbele ya fundi simu.

Kamera ya simu ya mama ilikuwa inatoa picha zenye ukungu, nikaipeleka Kariakoo. Fundi, kaka mmoja mpole, akaifungua na kuiweka chini ya hadubini.

"Dada, njoo uone. Hii springi ndiyo inayosogeza lenzi. Nyembamba kuliko unywele."

Nikainama. Nikaitambua.

Miaka minne nilifanya kazi ughaibuni, kwenye kampuni ya kamera za simu, nikichora springi kama hizo. Ile kona yake iliyopinda niliihangaikia mwenyewe, maana springi za kwanza za majaribio zote zilikatika. Halafu mama akaugua, nikarudi nyumbani Upanga kumuuguza.

"Hii nimeichora mimi," nikamwambia.

Nilijua atacheka. Wala. Akanisogezea kigoda.

"Basi kaa uiangalie vizuri."

Nikakaa, machozi yakanitoka. Wateja nyuma yangu wakaanza kuguna, yeye akawaambia wasubiri.

Nyumbani nimemsimulia mama. Akauliza, "Kumbe unaitamani kazi yako?"

"Kila siku, mama."

Sikuwahi kumwambia hivyo.

Nyie mlioacha kazi mliyoipenda, mlimwambia nani kwamba bado mnaitamani?