Msusi wa Memphis anayesimamisha mikono neno likigoma

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha Shule ya Hollis Lane, kusini mwa Memphis, Marekani, Vernetta Gaines anagawa nywele za msichana kwa kitana. Msichana ameshika kitabu. Akisoma, vidole vya Bi Vernetta vinakimbia. Akinyamaza, navyo vinasimama.

"Bi Vernetta, utaniacha nusu kichwa!" analalamika Tamiya Rudd, mwenye miaka kumi na minne.

"Basi kesho utaenda kanisani na hiyo nusu. Soma, mwanangu."

Wenzake wanaosubiri zamu wanaangua kicheko.

Hollis Lane ni shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba na serikali. Haitozi ada, na wengi wanaofika hapo waliachwa nyuma kwingine. Tamiya alikuja mwaka jana. Yuko darasa la nane, ila alipofika alisoma kama mtoto wa la tatu. Ijumaa atasoma mbele ya walimu watatu. Akishindwa, anarudia darasa.

"Nilisharudia mara moja," anasema. "Mara ya pili naacha shule."

Bi Vernetta, miaka 61, aliajiriwa kufanya usafi. Ni yeye aliyegundua kwamba wasichana hawaji shuleni wakati nywele zao zimefumuka, kwa kuogopa kuchekwa. Akamwomba mwalimu mkuu chumba awasuke bure, nao wamsomee. Hulipwa dola kumi na nane kwa saa, zile zile za kufagia. Saluni, kichwa kimoja cha rasta kingempa dola mia mbili.

"Saluni nani atanisomea?" anacheka.

Mwanzoni alikosea. Mtoto akikwama, alimtajia neno. "Nilikuwa nawatafunia. Wakazoea kuningoja mimi."

Sasa Tamiya amekwama. Mikono imesimama. Msichana mmoja anafungua mdomo amsaidie, Bi Vernetta anamkata jicho. Dakika nzima inapita. Tamiya anaanza upya, kipande kwa kipande, mpaka neno linatoka lote. Hakuna anayepiga makofi. Kusuka kunaendelea.

Ijumaa, Bi Vernetta anafagia korido moja mara tatu, nje ya mlango wa mtihani. Tamiya anatoka macho mekundu.

"Enhe?"

"Nimekwama mara mbili, mama. Wakataka kunisaidia. Nikawaambia, 'Subirini kidogo.'"

"Uliwaambia walimu hivyo?"

"Wakasubiri. Nimefaulu."

Bi Vernetta anaegemea ukuta na kulia waziwazi, bila kujali nani anapita.

Agosti, Tamiya ataingia sekondari. Ameshaomba nafasi ya kusukwa wiki moja kabla. Bi Vernetta amekubali, kwa sharti moja.

"Safari hii asinisomee," anasema, akifuta macho kwa kiganja. "Nataka aje na kitabu chake, asome kimoyomoyo, kimnogee mpaka asahau kama nipo."