Wimbo Uliopigwa Mhuri

Gitaa lake lilikuwa na nyuzi nne. Mbili zilikatika zamani na hakununua nyingine, kwa hiyo watu wakamwita Nyuzinne, na yeye akaitika. Alikuwa dobi wa hospitali, mwenye vidole vilivyochanika kwa sabuni kali, na kila apigapo gitaa vidole hivyo vilikwaruza nyuzi hata wimbo wa furaha ukatoka kama una mafua.

Nyimbo alizokuwa nazo hazikufika kumi na tano. Nyingi alizikuta duniani, kama alivyolikuta jua: za kubembeleza watoto, za kutwangia, za kumcheka mwanamume mvivu. Hakuna aliyejua nani alizitunga, na Nyuzinne hakuwahi kujiuliza. Mmoja tu ndio aliojua ulikotoka, maana ulitoka kwake.

Asubuhi hiyo alikwenda kwenye chumba cha maktaba kwa sababu Mwalimu, mzee mstaafu, alikuwa akikusanya nyimbo za zamani kabla wenye nazo hawajafa. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa lenye mistari na kinasa sauti kidogo mfano wa sabuni ya kipande. Nyuzinne akapiga wimbo wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa. Kila ukiisha Mwalimu anauliza, "Huu wa nani?" naye anajibu, "Nimeukuta." Mwalimu anaandika.

Wa kumi akaupiga kwa kuinamisha kichwa.

*Kamba ni yangu, shuka si langu,*
*Upepo niambie, limetoka wapi?*
*Nafua ya watu kwa mikono yangu,*
*Changu cha kufua nitakipata wapi?*

Mwalimu akamkatiza hata kabla ya ubeti wa pili. "Huu ninao tayari, mama. Nimeurekodi juzi." Akafunua kurasa, akaweka kidole. "Huu hapa. Nimeuandika mali ya umma."

Vidole vya Nyuzinne vikaachia nyuzi.

Nyuzinne hakujua kusoma, lakini maneno hayo aliyajua kwa sura. Miaka kumi na tisa alikuwa akiyafua. Kila shuka la hospitali lilipigwa mhuri wa buluu pembeni, MALI YA UMMA, na dobi mpya akifika jambo la kwanza anafundishwa: ukionekana na mhuri huu nje ya geti, huna kazi. Na yeye ulionekana kwake. Miaka kumi na mmoja iliyopita msimamizi alipita mbele ya nyumba yake, akaona shuka kwenye kamba, akaligeuza pembe. Akasimamishwa kazi miezi mitatu, na mumewe akamrudisha kwao kabla hata mwezi haujaisha, akisema kwamba hawezi kulala na mwizi.

"Basi nisiuimbe tena?" aliuliza.

"Kwa nini usiuimbe?"

"Si mali ya umma? Mali ya umma haitoki getini."

Mwalimu akavua miwani. Alieleza kwa upole, kama watu wa shule wanavyoeleza wakidhani upole ndio ufahamu. Wimbo wa jadi, alisema, hauna mwenyewe. Ni wa watu wote. Kila mtu aweza kuuimba, kuupiga, kuubadilisha, bila ruhusa ya mtu.

Nyuzinne alisikiliza hadi mwisho, kisha akasikiliza tena ndani ya kichwa chake, na haikukaa sawa.

"Mwalimu. Shuka la watu wote nikilichukua, mwizi. Wimbo wa watu wote mtu akiuchukua, si mwizi. Hao watu wote ni wale wale, au kuna wengine?"

Mwalimu akavaa miwani tena, akautazama ukurasa.

"Na nani aliyekuletea?" akauliza Nyuzinne.

Hapo mlango ukasukumwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke mnene kidogo, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Alikuwa dada wa aliyekuwa mumewe. Alikuja kumalizia nyimbo zake, na alipoliona gitaa akasimama.

"Haa, wifi! Bado uko na kopo lako?"

"Bado, wifi. Na wewe bado uko na vya watu?"

"Jamani!" alisema Mwalimu.

Wifi akavuta kiti. "Mwalimu, kama anadai ule wa kamba, usihangaike. Ni wa bibi yetu ule. Alikuwa akiuimba anapochambua mchele. Muulize kama hakuusikia nyumbani kwetu alipoolewa, alikuwa anapuliza moto na masikio yameelekea kwa bibi."

Nyuzinne alitaka kucheka kwa dharau. Lakini alipofungua mdomo akamsikia bibi. Alimsikia kabisa: kikongwe amekalia kigoda, ungo mapajani, mm-mm-mmm, anapanda mara mbili na kushuka mara moja, na mchele unarushwa kwa mahadhi hayo hayo. Kamba ni yangu. Mm-mm-mmm. Ni ule ule. Miaka yote hiyo aliamini aliutoa kifuani mwake, usiku akilia kwa mama yake, kumbe sehemu yake alitoka nayo nyumba ile, kama mtu aliyefukuzwa akabeba kijiko cha wenyewe bila kujua.

"Bibi aliimba maneno gani?" aliuliza taratibu.

Wifi akasitasita. "Haya haya."

"Bibi alijua wapi habari za kufua ya watu? Yeye aliyefuliwa mpaka anakufa?"

"Sasa wewe wimbo unauuliza maswali kama polisi?"

Mwalimu akabonyeza kinasa sauti. Sauti ya wifi ikajaa chumbani, nzuri kuliko ya Nyuzinne, hilo hakuna wa kubisha. Aliimba ubeti wa kwanza, akaurudia, akaishia hapo.

"Na wa pili?" alisema Nyuzinne.

"Hauna wa pili," alisema wifi haraka.

"Upo."

Nyuzinne hakulishika gitaa. Aliuimba mikono mitupu, na Mwalimu akaandika kadiri alivyosikia.

*Aliyelileta kalibebea mwana,*
*Kanipa nimfulie, tulivyopendana;*
*Siku ya kuulizwa akanyamaza sana,*
*Nyumba ilijaa watu, mdomo haukuonekana.*

Wifi alikuwa akitazama sakafu. Shuka lile ndilo alilomfungia mtoto wake alipotoka kujifungua hospitalini, akampa wifi yake amfulie. Msimamizi alipouliza, Nyuzinne alimtaja, na yeye hakusema ndiyo wala hapana. Kaka yake ndiye aliyesema: "Unamsingizia dada yangu."

"Mimi nimechoka," alisema Mwalimu kwa unyonge. "Niandike nini? Nafasi ya mtunzi ni mstari mmoja."

Nyuzinne alifikiri. Angesema wote ni wangu, bibi yule asiye na kosa angemsuta kaburini. Angesema wote ni wao, angekuwa amekubali kuwa mwizi mara ya pili, na safari hii kwa kinywa chake. "Sauti andika ya jadi," alisema hatimaye. "Maneno andika yangu. Yote, na ya ubeti wa pili."

Mwalimu akakata neno fulani, akaandika muda mrefu, akamgeuzia daftari. Nyuzinne aliangalia wadudu wale weusi. Huenda ndivyo. Huenda si ndivyo. Aliwahi kuwekeshwa kidole gumba kwenye karatasi, akaja kuambiwa alikiri.

"Nisomewe," alisema. "Si na wewe Mwalimu, uliyeandika. Asome yeye."

Wifi alishtuka. "Mimi?"

"Wewe si ulipelekwa shule, wifi. Soma."

Wifi akalivuta daftari. Alisoma: mahadhi ya jadi, maneno ya Nyuzinne, dobi. Akasoma ubeti wa kwanza vizuri, kama tangazo. Kwenye wa pili sauti ikapungua. Aliyelileta kalibebea mwana. Kanipa nimfulie, tulivyopendana. Akaendelea neno kwa neno mpaka mdomo haukuonekana, akaliweka daftari chini.

Nyuzinne alikuwa akiyasubiri maneno hayo kutoka kinywa hicho miaka kumi na mmoja, na sasa yametoka hakujua ameyapata au la. Maana kusoma si kukiri, na mtu husoma hata kibao cha njiani bila kukubali chochote. Lakini mbona sauti ilipungua?

"Rudia hapo kwenye mwana," alimwambia. "Sikusikia vizuri."

Wifi akainua macho, akamtazama. Kisha akalivuta daftari tena.