Unga wa Njano

Mama wa maua wa kanisa letu, pale Nyololo, hakuwahi kutumia kisu. Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, aliinama kwenye mfereji nyuma ya nyumba yake, akashika bua la yungiyungi chini kabisa na kulivuta mara moja, likatoka kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Aliyaleta maua hayo kanisani begani, kama kuni, meupe, yamejikunja mfano wa karatasi ya karanga. Sisi wafagiaji tulisubiri jambo moja tu. Akishayapanga madhabahuni, alipitisha kidole gumba kwenye kile kijiti cha njano katikati ya kila ua, akiondoa unga wake na kuyagombeza kwa sauti nene: “Msinichafulie kitambaa, ninyi!” Kisha alijifuta kwenye kitenge. Vitenge vyake vyote vilikuwa na doa la njano ubavuni.

Mwaka huu kamati yetu, inayopenda usafi kuliko sala, imenunua maua ya plastiki kutoka Iringa mjini. Jumamosi ya kwanza yalipowekwa madhabahuni, mama alikuja saa yake ileile, mikono mitupu. Akasogea madhabahuni, akapitisha kidole gumba katikati ya ua moja, akakitazama. Kilikuwa safi.

“Haya hayachafui, mama,” alisema Paskalina, mwenzangu wa ufagio.

“Kweli, mwanangu. Hayana hata la kugombezwa.”

Kisha akajifuta kwenye kitenge, palepale kwenye doa.