Siku Niliyomwambia Papa Deo Turudi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha natafuta leso. Nilikuwa kijana wa masomo pale Columbus, nimepanga chumba karibu na chuo, sina mke, sina gari la maana, nina ubishi tu na hamu ya kuruka. Siku hiyo nilimkosesha baba mmoja ndoa ya bintiye. Ndiyo, mimi huyuhuyu unayeniona na mvi zangu. Kaa nikuhadithie, maana nasikia na wewe umejiunga na klabu ya urubani hapa Louisville, na sitaki ushike usukani kabla hujalijua jambo hili.

Klabu yetu ya Columbus ilikuwa ndogo, watu wachache na ndege moja kuukuu ya viti vinne, mali ya wote. Usidhani kazi ilikuwa kupaa na kushangaa mawingu. Usione vyaelea, vimeundwa. Ndege ile tuliisukuma kwa mikono kuiingiza bandani, tukaifuta wadudu waliogandia mbawani, tukafundishana kusoma anga mpaka macho yakauma. Jumamosi asubuhi tulikula pamoja chapati za maji za Kimarekani, nene kama godoro, na aliyekosea angani wiki hiyo alilieleza kosa lake mezani ili wenzake wasilirudie. Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Kimarekani, Mzee Harlan, mkali wa maneno na mwepesi wa kuongeza chai.

Huyo Mzee Harlan alituwekea kanuni moja iliyopita zote. Mtu yeyote aliyemo ndani ya ndege, hata abiria aliyepanda kwa mara ya kwanza, akisema "turudi," rubani anageuza. Haulizi kwa nini. Hiyo "kwa nini" itaulizwa chini, miguu ikiwa kwenye lami. Na aliyesema hupigiwa makofi mezani, hata kama alichoogopa kilikuwa kivuli chake mwenyewe.

Kanuni hiyo niliikubali kwa kichwa. Kwa moyo, mh! Mimi nimezaliwa Singida, nimelelewa na babu ambaye akikohoa tu nyumba nzima inanyamaza. Mtoto amwambie mkubwa "geuza"? Thubutu!

Sasa, katika klabu ile alikuwepo Mkongo mmoja wa Bukavu, Papa Deo. Alifika Columbus na familia yake kama wakimbizi, wakapewa nyumba upande wa Northland. Kwao alikuwa mpakia mizigo kwenye kiwanja cha ndege, maisha yake yote anapakia ndege za wengine na kuziangalia zikiondoka. Huku alipata kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na mgonjwa wake mmoja alikuwa mke wa Mzee Harlan. Siku moja Mzee Harlan akamkuta dirishani, ameikazia macho ndege inayopita mpaka ikapotea. "Njoo Jumamosi," akamwambia. Papa Deo akaja, akaja tena, akasoma kama mtu aliyekatazwa shule utotoni, mpaka akapata leseni. Alinizidi umri kama baba amzidivyo mwana, na aliniita "petit," yaani mdogo. Kutua na ndege upepo ukipiga ubavuni nilifundishwa darasani na Mzee Harlan, lakini aliyenirudisha hewani mpaka nikaweza ni Papa Deo. Mungu ambariki mzee yule.

Basi binti yake, Furaha, akapata mchumba Buffalo, na harusi ikapangwa hukohuko, kanisa na ukumbi jirani na Grant Street. Mama na ndugu wakatangulia kwa magari. Papa Deo alikuwa na zamu mpaka Ijumaa jioni, akamwahidi binti yake: "Nitakuja na ndege, miye mwenyewe nikiendesha, na nitakushika mkono mpaka mbele ya mchungaji." Ahadi ni deni, na hii aliitangaza kanisani, dukani, hata ndani ya basi la Morse Road. Wakongo wote wa Buffalo wakawa wanamngoja baba anayeshuka kutoka juu. Mimi akaniomba nimsindikize, nikae kiti cha pembeni nimsomee ramani.

Tuliondoka asubuhi, anga nyeupe, suti yake imening'inia nyuma ndani ya mfuko wa plastiki. Aliimba nyimbo za kwaya, sauti zote nne peke yake. Lakini tulipolikaribia Ziwa Erie, mbele pakabadilika. Wingu la kijivu lilikuwa limetambaa kutoka ziwani, na nafasi baina yake na ardhi ikawa inapungua kila nikitazama. Punje za theluji zikaanza kugonga kioo. Ndege yetu haikuwa na kifaa cha kuondoa barafu mbawani, na leseni ya Papa Deo haikumruhusu kuingia ndani ya mawingu. Yeye alijua, na mimi nilijua. Akaacha kuimba. Akaishusha ndege kidogo apate kuona, kisha akaishusha tena.

"Furaha ananingojea," akasema, si kwangu.

Mwanangu, nikamfikiria bibi harusi mlangoni mwa kanisa. Nikajiambia, huyu ni mkubwa, amekula chumvi nyingi, wewe nani? Kisha mdomo ukafunguka wenyewe, "Papa, turudi."

Hakunitazama. Mkono wake ukageuza palepale, ndege ikalala ubavu, na muda si muda tukawa kwenye jua. Tukatua kwenye kiwanja kidogo tulichokuwa tumekipita. Akazima injini, akafumba macho kidogo, akasema, "Merci, petit." Halafu akashuka kwenda kutafuta gari la kukodi.

Sasa sikiliza aibu iliyonipata. Tukiwa bado tunasubiri funguo za gari, ikatua ndege nyingine ndogo kama yetu, kutoka upande uleule tuliokuwa tunauendea. Rubani wake akaingia anasugua mikono kwa baridi, akasema kwa uchangamfu, "Aa, ni kawingu tu kale. Ukikapita, kweupe mpaka Buffalo." Papa Deo akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa habari. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njiani niliendesha mimi, yeye akawa anajibu simu na kueleza yaliyotokea. Mama Furaha anasema jua linawaka huku, mko wapi? Kanisa lenyewe ni la kuazima, wenyewe wana ibada yao mchana, mchungaji hawezi kungoja. Kila simu ilipokatika, Papa Deo aliangalia nje ya dirisha. Tukiwa bado mbali na Buffalo, ikaja ya mwisho: Furaha ameingia kanisani ameshikwa mkono na baba yake mdogo, Tonton Faustin. Papa Deo akaiweka simu mfukoni. Nilimwona akijipangusa uso kwa kiganja, na mimi nikakaza macho barabarani.

Tulifika watu wamekwisha kuhamia ukumbini, sombe, yaani kisamvu, na samaki mezani, kinanda kinalia. Tulipoingia kelele zikashuka. Furaha akamkumbatia baba yake, wanja umemchuruzika mashavuni. Mimi hakunitazama. Tonton Faustin ndiye aliyesema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "ndiye" ni "njo", na hakunong'ona: "Kumbe njo huyu mwanafunzi aliogopa!" Mama mmoja pembeni akamalizia, "Mdomo uliponza kichwa." Nikatafuta kiti cha nyuma kabisa.

Ukafika wakati wa zawadi, kipaza sauti kikawa kinapita mkono kwa mkono. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikakichukua, nikaenda mbele ya meza ya maharusi, nikapiga magoti. "Dada Furaha, na ninyi wazazi wangu," nikasema, "nawaomba radhi. Mimi ndiye niliyesema turudi. Ningenyamaza, baba angefika."

Kabla sijamaliza, kipaza sauti kikanyakuliwa. Papa Deo alikuwa amesimama juu yangu, suti imekunjamana, viatu vimelowa theluji.

"Simama, petit. Simama kabisa!" Nikasimama. Akawageukia watu. "Bon. Bandugu, munisikilize. Huyu hana kosa. Miye njo nilikuwa nasukuma ile ndege mu theluji, juu ya haya ya kuchelewa mbele yenu. Yeye aliona, akasema. Pengine tungefika. Pengine! Donc, mulitaka niweke roho yangu na ya mtoto wa wenyewe juu ya pengine?"

Tonton Faustin akainamia sahani yake. Ndipo Papa Deo akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa kavu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Na weye, sikia. Leo ukiomba pardon juu ya kusema kile uliona, siku ingine utanyamaza. Na ile siku ingine, abiria wako atakufa na weye utakufa, na adabu yako yote. Usirudilie tena kuniombea pardon ya namna hiyo."

Nimekaripiwa mara nyingi maishani, mwanangu, na nyingi nilistahili. Lakini kukaripiwa mbele ya ukumbi mzima kwa kosa la kuomba radhi, hiyo ilikuwa mara moja tu, na hakuna karipio ninaloshukuru kama lile.

Furaha akanyoosha mkono akipokee kipaza sauti. "Papa, mimi nimeumia," akasema. "Nilikutaka pale mlangoni. Siwezi kudanganya watu hapa, bado niko na hasira." "Lakini papa niko naye. Kuja, tutoke inje."

Akakusanya gauni lake, akamshika baba yake mkono, wakatembea mpaka mlangoni. Mpiga kinanda akaelewa, akabadilisha wimbo. Bwana harusi akasimamishwa mbele tena, anacheka na kulia. Furaha alipofika mlangoni aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Na weye pia, kuja. Ushike hii nyuma."

Basi nikaenda, mwanamume mzima, nikashika pindo la gauni. Tukatoka kwenye baridi ya maegesho, mlango ukafungwa, ukafunguliwa, na Papa Deo akaingia na binti yake mkononi, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka akamkabidhi kwa mumewe. Vigelegele vilipasua masikio. Tonton Faustin mwenyewe ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, na mimi nililia mpaka pindo la watu likapata maji.

Jumamosi iliyofuata nikapigiwa makofi mezani, na Mzee Harlan hakuuliza wingu lile lilikuwa nene au jepesi. Yeye sasa ametangulia mbele ya haki. Papa Deo yupo Columbus, macho hayamruhusu tena kurusha, na nikimtembelea tunaruka pamoja, yeye kiti cha pembeni. Ananikosoa toka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nafurahi.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Heshima ya kweli kwa mkubwa ni kumwambia unachokiona wakati bado anaweza kugeuza. Ukiona, sema, na usipime ubora wa neno lako kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, maana aliyerudi salama hajui alichoepushwa. Watakucheka wakisema kulikuwa kweupe. Waache wacheke, kawia ufike. Na ukisha kusema, usiende kupiga magoti. Nenda kasaidie kutafuta gari la kukodi.

Wakati mwingine mkubwa utakuwa wewe. Hilo ndilo gumu zaidi, nakuambia mapema. Mtoto mdogo atakaa pembeni yako, hajui hata nusu ya unachokijua, atasema "turudi" siku ambayo dunia nzima inakungoja. Geuza kwanza. Ukitua mshukuru, hata kama moyo unakuuma.

Mungu akupe macho ya kuona mapema, na ulimi usiotishwa na mvi za mtu. Na siku utakapokuwa na mvi zako, akuwekee pembeni mtu asiyekuogopa, akupe na mkono mwepesi wa kugeuza. Amina, mwanangu. Ruka salama.