Mafahali na Pikipiki za Shivachi

Safari yangu ilianza kwa simu ya mjane. "Shemeji, rafiki yako ametuacha," Mama Risper aliniambia kutoka Chekalini, kule Lugari. "Na wazee wanakataa kumkimbizia ng'ombe. Wanasema hakuwa mwanajeshi, alikuwa fundi tu. Njoo uwaambie." Nilitumikia jeshi la wanamaji pamoja na mumewe, Shivachi, hapa Mombasa tangu tungali vijana, na hilo neno "tu" lilinichoma. Nikapanda basi jioni ile ile.

Lumakanda, asubuhi. Nilishuka nikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Baridi ya Lugari haina adabu kwa mtu wa Pwani. Mwendesha bodaboda aliposikia ninakokwenda hakuuliza njia. "Kwa Afande? Panda, mzee. Huyo alitutengenezeanga pikipiki. Anaweka sikio kwa injini, anakwambia, 'Huyu anaumwa tumbo.'" Alicheka, akanipeleka hadi kwake, mahindi yakiwa yametuzunguka kote.

Nyumbani kwa marehemu, magari yalikuwa mengi kuliko vyumba. Pikapu moja haikuwa na magurudumu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mama Risper aliniandalia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kienyeji, akakaa kando yangu. "Wenzake walistaafu wakanunua ng'ombe," alisema. "Zetu yeye aliuza. Zote ziligeuka magurudumu." Akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Lakini alikuwa askari, shemeji. Wasimzike kama mtu alikuwa anakaa tu nyumbani."

Jioni niliitwa kwenye turubai la wazee. Waisukha, jamii ya Shivachi, wana desturi iitwayo shilembe: mwanamume aliyekuwa mpiganaji huletewa mafahali siku ya msiba, wakakimbizwa kuzunguka kaburi lake, watu wamejifunga majani na ngoma za isukuti zinalia. Mafahali wa ukoo ni wa Lijodi, kaka mkubwa wa marehemu, na yeye ndiye aliyekataa.

"Wewe ulikuwa na yeye kwa meli," aliniambia. "Sema ukweli. Aliua mtu?"

"La, mzee. Hata bunduki hakuipenda."

Wazee wakaguna. Mama Risper akainamisha kichwa, nami nikaona nimekuja kumharibia. Nikaongeza haraka, "Lakini sikilizeni. Siku moja bahari ilichafuka, tukawa tunasukumwa kwenye mwamba. Bomba la injini likapasuka. Shivachi alilikaba kwa mikono yake miwili, nalo linaunguza, mpaka tukauepuka ule mwamba. Tuliokuwa ndani sote tulirudi kwa wake zetu. Mimi ni mmoja wao."

Lijodi aliinama kunielekea. "Yale makovu ya mikono?"

"Ndiyo hayo."

"Mimi aliniambia ni pikipiki ilimchoma. Nikamtukana mbele ya watoto wake. Nikamwita mjinga." Alivua kofia akajifuta nayo uso. "Mbona hakusema?"

Kisha akainuka. "Kesho ng'ombe zangu zitaingia."

Siku ya mazishi mafahali waliingia kweli, pembe zimepambwa kwa majani. Nyuma yao, bila kuitwa, wakaja waendesha bodaboda wa Chekalini nzima, wakivurumisha injini kwa heshima ya fundi wao. Mafahali hawakuielewa heshima hiyo. Wakatimua mbio, mmoja akapitia katikati ya kwaya ya kanisa, akina mama wakarukia migomba. Lijodi akainua rungu lake. "Zima! Zima zote!"

Nilidhani anawafukuza. Kelele zilipokufa akasema, "Sasa sukumeni."

Wakashuka, wakazisukuma pikipiki kwa miguu nyuma ya mafahali, isukuti zikiwapigia mwendo. Lijodi akamkabidhi mwanawe kamba ya fahali wa mbele, akaenda nyuma ya nyumba na kurudi akiisukuma pikipiki ya mdogo wake. Mzee mwenyewe anachechemea. Alilizunguka kaburi nayo na hakukubali kusaidiwa na mtu. Mama Risper alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka, nami nililia bila haya.

Nilirejea Mombasa na somo moja: mtu asiyejisimulia huwaachia nduguze nafasi ya kumkosea. Simlaumu Shivachi, wapo watu wanaoona aibu kusifiwa kuliko kutukanwa. Ila namhurumia aliyebaki.

Lijodi ndiye aliyenisindikiza hadi barabara kuu, siku ya kuondoka. Basi lilipochomoza kwa mbali, aliniuliza akitazama upande mwingine, "Afande, hiyo pikipiki yake, inawashwanga namna gani?"

Nikaweka begi chini, nikaanza kumwonyesha kwa mguu, pale pale kando ya lami, jinsi ya kupiga kiki. Basi likatupita.