Mama wa Mzamivu

Habari hii niliipata kwa jirani yangu, mfagiaji wa chuo, Jumatatu ya wiki ya pili ya likizo ndefu, saa nne asubuhi, nikichambua mchele.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo nikamkana mke wa mwanangu kupitia tundu la kitasa.

Nitasema yote. Nikibakiza, nitakuwa nadanganya tena.

Jirani aliingia bila hodi.

"Dada, weka ungo chini."

"Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Afadhali ningefukuzwa mimi!"

Akachomoa karatasi kifuani. "Habari za Likizo", ile wanayobandika ubaoni chuo kikifungwa. Alikuwa ameibandua na gundi yake.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nasoma, ila lazima kidole kitangulie.

Kidole kikapita. Paa la maktaba limeezekwa upya. Mwalimu wa hesabu katoa kitabu. Bwana wa maabara kapata tuzo kwa kupima udongo. Halafu jina la mkamwana wangu, anayefundisha hapohapo chuoni, na chini yake: "Mzamivu wetu wa kwanza mwanamke."

M-za-mi-vu.

"Umeona?" jirani akanong'ona.

Jamani, kuzamia nakujua. Anayeingia harusini bila kadi, kazamia. Anayejificha melini mpaka nchi za watu, kazamia. Kumbe mkamwana wangu kazamia ualimu! Kaingia chuoni bila vyeti, wamemgundua, wamemwanika ubaoni.

"Halafu wameandika wa kwanza mwanamke," jirani akasema. "Ina maana wanaume wazamiaji wamejaa tele."

"Hebu nyamaza wewe!"

Nilimnyamazisha yeye. Kichwa changu hakikunyamaza.

Miaka minne nilikuwa nasikia, "Mama, naomba umlaze mtoto, mimi nasoma." Nikawa najiuliza, mwalimu anasoma nini? Anayesoma si mwanafunzi? Sasa nikapata jibu: alikuwa anajifunza leo cha kwenda kufundisha kesho.

Sikumuuliza. Tulikuwa nyumba moja, tunakula meza moja, na sikumuuliza.

Mwanangu anaendesha lori, alikuwa safarini. Nikasema akirudi atajua la kufanya. Mimi nikawa nampakulia mkewe chakula kimyakimya na kumtazama kwa jicho la pembeni.

Ijumaa asubuhi akatoka amependeza.

"Mama, saa tano uwe umevaa ile nguo yako ya bluu. Kuna gari litakuja kuwachukua wewe na mtoto. Usiniulize linaenda wapi!"

Akaondoka anacheka.

Nikasema moyoni, haya, anataka nikapige magoti mbele ya wakubwa wake nimwombee msamaha. Sivai bluu wala nyekundu!

Saa tano kamili, honi. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikamvuta mjukuu wangu wa miaka mitano, nikamziba mdomo.

"Hodi! Dereva wa chuo! Namtafuta mama wa mzamivu!"

Alivyolitamka kwa sauti, mtaa mzima usikie!

Nikainama kwenye tundu la kitasa. "Hayupo."

"Na wewe ni nani, mama?"

"Mpangaji."

"Lakini huyo mzamivu unamfahamu?"

"Simjui. Wala sitaki kumjua."

Nikasikia hatua zake zikirudi garini. Kisha gari likaondoka. Nikajiona mjanja kweli.

Saa nane mkamwana akarudi, joho kalikunja mkononi.

"Mama, uko salama? Dereva anasema kamkuta mpangaji. Nadhani alikosea nyumba."

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, alikosea. Wallahi, nilikuwa karibu kusema hivyo.

Mjukuu akadakia. "Bibi ndiye mpangaji! Aliniziba mdomo!"

Mkamwana akaketi taratibu. "Mama?"

"Wamekuandika ubaoni," nikasema. "Mzamivu. Nimesoma mwenyewe."

Akanitazama. Kicheko kikamtoka, kikakatika njiani.

"Mama, uzamivu si kuzamia. Ni shahada ya juu kabisa. Mtu kazama kwenye elimu mpaka chini. Ndiyo udaktari wenyewe."

"Wa sindano?"

"Wa vitabu."

Nikaketi na mimi.

"Leo walinivika joho," akasema. "Kila anayevikwa anachagua mtu mmoja wa kukaa kiti cha mbele. Kilikaa wazi. Mkuu wa chuo akauliza mama yuko wapi. Dereva akajibu mbele ya watu wote kwamba nyumbani kwangu hawanijui."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mama yangu ni mgonjwa, na huyo mpangaji ni mlevi."

Hata hapo alinisitiri.

Akanipa kitabu kinene cheusi alichokiandika miaka yote hiyo. "Ukurasa wa kwanza, Mama. Soma."

Kidole kikatangulia.

"Kwa mama mkwe wangu. Mama yangu mzazi simkumbuki. Huyu alimlaza mwanangu miaka minne ili mimi nikeshe."

Sikuweza kusema "nisamehe". Neno dogo, likakwama. Nikashika tu kile kitabu kama mtu aliyeshika kitu cha wizi.

Nikatoka nje, nikamwita jirani ng'ambo ya ukuta, nikamwambia ukweli. Akashika kichwa.

"Maskini mimi! Nimeshawaambia watu kumi!"

"Basi twende tukawaambie upya, mmoja mmoja. Na kwa kila mtu nitaanza mimi."

Tulizunguka nyumba zote kumi. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Nilistahili.

Ninyi mnaosoma habari hii, neno usilolijua muulize mwenye nalo. Mimi niliona heri nimkane mtu kuliko kukiri kwamba sijui kusoma vizuri. Aibu ya kutojua ingekwisha siku ileile. Hii nyingine ninayo mpaka leo.

Niliporudi, mjukuu alikuwa amelala mkekani. Mama yake kando yake, viatu miguuni, jua bado linawaka.

"Umerudi, Mama," akasema macho yamefumba.

"Nimerudi. Nisamehe, mwanangu."

Hakujibu. Alikuwa ameshalala.

Nikamvua viatu, nikajinyoosha upande wa pili wa mtoto. Nilikusudia nibaki macho mpaka aamke, niliseme neno hilo tena akinisikia.

Usingizi ukanichukua na mimi.