Niliongeza Maneno Manne Kwenye Mkataba, Paa Likaanguka

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolijia. Nimekosa mie, kwa vidole vyangu kumi, na akili zangu timamu, mchana kweupe. Sikutishwa na mtu wala sikulazimishwa.

Lakini usitaraji nilie, mwenzangu. Machozi yangu niliyamaliza zamani. Wala usinitafutie makosa mengine ya kunitwisha, maana wako waliojaribu! Wamesema niliuza nchi. Wamesema nilikuwa hawara wa yule muuza mbao. Uongo mtupu! Nilifanya moja, na hilo moja linatosha. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Serikali inajenga kila pahala: nyumba, skuli, vituo vya afya. Mie nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mpiga taipu katika ofisi moja ya ujenzi hapa Mjini, ghorofani.

Kazi yangu ilikuwa mikataba. Msimamizi wa ujenzi akitaka saruji, mabati au misumari, anaandika masharti yake kwa mkono. Mie nayapiga taipu. Mkuu wa ofisi anasaini, muuzaji anasaini, basi. Kilichopigwa taipu ndicho kinachofuatwa. Muuzaji akileta kitu tofauti, anarudishiwa. Akileta kilichoandikwa, hakuna wa kumrudishia.

Nguvu yote hiyo ilikuwa inapita vidoleni mwangu, na mie sikuijua mpaka alipokuja mtu akanionesha.

Makunduchi kulikuwa kunajengwa kituo cha wazazi. Msimamizi wake alikuwa Mzee Pandu, mtu wa huko huko, mfupi, mkavu, penseli nyuma ya sikio. Masharti ya mbao za paa aliyaleta mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu.

"Bi mdogo, hapa usikosee," akasema. "Kenchi za paa ni mbao ngumu zilizotiwa dawa ya mchwa. Mchwa wa kwetu wanakula mpini wa jembe nawe umeushika."

"Naam, mzee. Sitokosea."

Na sikukosea, wallahi. Nilifanya makusudi.

Mwezi ule mdogo wangu Zuhura alikuwa anaolewa. Na wakati ule, wewe kama hukuwepo hujui, mchele ulikuwa umeadimika. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri wanarudi na vibaba viwili, mara nyengine wanarudi na kikapu kitupu. Tulikula muhogo mpaka tukasahau vyakula vyengine vina ladha gani.

Mama yangu alikuwa mjane, na hakuna alichokiogopa duniani kama midomo ya watu. Kila siku nikirudi kazini namkuta kajishika tama.

"Wakwe waje wakute muhogo kwenye sinia?" anasema. "Harusi ya mwanangu wa mwisho? Uso wangu nitauficha wapi?"

Ndipo akaja Bwana Khelef. Huyu alikuwa na ghala la mbao Darajani, na ndiye aliyepewa zabuni ya paa la Makunduchi. Alikuja ofisini saa ya chai, wenzangu wameshuka chini, nimebaki peke yangu.

"Nimesikia mna harusi, Bi."

"Inshallah, mwezi huu huu."

"Mnapika biriani?"

Nikacheka. "Biriani la muhogo, labda."

Akavuta kiti, akakaa. "Nnazo gunia mbili za mchele, na debe la samli. Sitaki hata shilingi yako. Nataka maneno manne tu."

Hivyo hivyo alivyosema! Maneno manne. Baada ya pale palipoandikwa "mbao ngumu zilizotiwa dawa ya mchwa", niongeze: "au mbao nyenginezo zinazopatikana". Ghalani kwake alikuwa na shehena ya mbao nyeupe, laini, zilizomkalia bila mnunuzi.

"Hazina ubaya," akasema. "Mbao ni mbao. Zikishapigwa bati juu, nani ataziona?"

Mwenzangu, ningependa nikwambie kwamba nilihangaika, nilikosa usingizi, nilisali. Sikuhangaika! Nilimuona mama yangu kajishika tama, nikaingiza karatasi kwenye taipureta, nikapiga. Nilimaliza hata chai ya wenzangu haijapoa. Ile karatasi ya mkono ya Mzee Pandu nikaikunja, nikaenda nayo nyumbani, nikawashia jiko.

Mkuu wa ofisi alisaini bila ya kusoma. Alikuwa ananiamini. Hilo nalichukua, ni kosa langu. Lakini na yeye kusoma alikuwa anajua!

Harusi ikafana. Zafarani ikinukia toka mwanzo wa uchochoro. Mji mzima hauna mchele, nyumba yetu masinia yanapishana mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Jamani, mmepata wapi?" Walikula, wakaparuza mpaka ukoko, wakachukua na vya kufunga wakawapelekee watoto. Midomo ile ile baadae ndiyo iliyonitukana barabarani. Nawakumbuka wote, mmoja mmoja, na walio hai wajue nawakumbuka.

Hina haijanifutika mikononi, Mzee Pandu akapanda ngazi za ofisi. Kashika kipande cha ubao. Akakiweka juu ya meza yangu, akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukaingia.

"Hii ndiyo mbao ngumu?"

Nikajitia kupanga karatasi.

"Niliikataa. Nikamwambia Khelef azirudishe zote. Kanionesha mkataba. Umeandikwa 'au mbao nyenginezo'. Mie niliandika hivo?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na mie niliuona. Ningesema, "Mzee, nimekosa, nisamehe," mkataba ungevunjwa siku ile ile, mbao zingerudi Darajani, na pengine ningefukuzwa tu, basi. Badala yake nikamtazama usoni.

"Ndivyo ulivyoandika, mzee."

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Zikishapigwa taipu huwa hatuziweki."

Alikuwa fundi tangu ujana wake, na namna alivyonitazama niliona anatafuta kichwani mwake ile siku, ile penseli, yale maandishi.

"Pengine," akasema polepole. "Macho yangu siku hizi... Pengine niliandika."

Akachukua ubao wake, akashuka ngazi anashika ukuta.

Ukitaka kujua dhambi yangu ni ipi hasa, ndiyo hiyo. Mchele niliuchukua kwa ajili ya mama. Uongo ule niliusema kwa ajili yangu.

Mzee Pandu alizipokea zile mbao kwa sababu mkataba ulimfunga. Nilisikia alizipaka oili chafu ubao baada ya ubao, kwa mkono wake, ili azuie mchwa. Kituo kikafunguliwa, ngoma zikapigwa.

Masika ya mwaka wa pili paa likaanguka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kliniki, mvua imeshika. Mkunga wa kituo, Bi Kidawa, alikuwa anampima mjamzito. Akasikia juu kunalia. Akamsukuma yule mwanamke chini ya meza, na kenchi ikamshukia yeye. Hakufa mtu, alhamdulillahi, hakufa mtu! Lakini mkono wake wa kulia ulivunjika pahala pawili, na haukunyooka tena. Na huo ndio mkono uliokuwa ukiwapokea watoto wa Makunduchi.

Kenchi zile zilipovunjwa zikatoka unga. Mchwa wameshakula ndani yote, nje kumebaki gamba.

Askari wakaenda kumchukua Mzee Pandu. Saini ya kupokea mbao ilikuwa yake. Siku zile likitajwa neno "hujuma" watu wanapunguza sauti, na yeye ndilo alilotajiwa.

Mie nikakaa kimya siku kumi na moja. Nakwambia idadi ili usije ukadhani nilikimbilia kusema.

Siku ya kumi na mbili akaja ofisini mkewe, Bi Mize. Katoka Makunduchi na gari la shamba la alfajiri, buibui limejaa vumbi, kikapu mkononi.

"Mwanangu, mzee kanituma kwako," akasema. "Kasema yule binti aliyepiga ule mkataba anaandika vizuri, nenda akupigie barua ya kuomba huruma."

Aliniamini, mwenzangu! Yumo ndani kwa ajili yangu, na mtu aliyemkumbuka wa kumsaidia ni mimi.

Nikaingiza karatasi. Bi Mize akawa anasema, mie napiga.

"Andika hivi. Mie Pandu ni mtu mzima. Macho yangu yamepungua nguvu. Katika kuandika masharti ya mbao, nilikosea..."

Nikapiga "nilikosea". Vidole vikakataa kwenda mbele.

"Bi Mize, hakukosea."

"Unasemaje?"

"Mzee hakukosea. Aliandika sawa. Yale maneno niliongeza mie."

Nilingojea anipige. Hakunipiga, hata sauti hakuipandisha. Akaichomoa ile karatasi kwenye taipureta, akaikunja, akaitia kikapuni.

"Basi twende ukaseme," akanambia.

Nikapita kwanza kwa mkuu wangu, nikamueleza. Akafunga mlango haraka.

"Unajua unalolisema? Na mie nimesaini pale! Kaa kimya. Yule ni mzee, wataona huruma, watamwachia."

"Wakimwachia kwa huruma atabaki na kosa lisilokuwa lake."

"Na wewe ukienda huko, kazi hii uisahau!"

Nikatungua buibui langu msumarini, nikamfuata Bi Mize.

Waliokuwa wakiichunguza kesi walikuwa wanaume watatu. Niliwasimulia yote: gunia, debe, maneno manne, jiko. Mmoja wao hakuamini kwamba msichana anaweza kuja mwenyewe.

"Nani kakutuma uje useme haya?" akauliza.

"Hakuna aliyenituma kufanya," nikamwambia, "na hakuna aliyenituma kusema."

Wiki ile ile Mzee Pandu akatoka. Mie nikaingia. Nilikaa ndani mwaka na nusu. Bwana Khelef alikuwa keshavuka bahari zamani, na mkuu wangu akahamishwa ofisi, akapewa meza kubwa zaidi.

Umeuliza iligharimu nini? Kazi, ndiyo. Mchumba niliyekuwa naye alituma mtu kurudisha neno la posa kabla hata sijahukumiwa. Mama aliacha kusema nami, akaanza tena baada ya miaka, na mpaka anakufa hatukuwa kama zamani. Zuhura alinijia jela siku moja tu.

"Ungenyamaza!" akanambia. "Harusi yangu umeifanya kesi ya serikali!"

"Nilaumu kwa nilichokifanya," nikamwambia. "Kwa kusema, usinilaumu."

Akanilaumu kwa yote mawili, akaenda zake.

Nilipotoka nilikwenda Makunduchi kabla ya kwenda kwetu. Bi Kidawa nilimkuta uani anafua kwa mkono mmoja. Nikajieleza nikiwa nimesimama, maana sikukaribishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mie kusamehe nshasamehe," akasema. "Lakini nguo siwezi kuzikamua. Njoo."

Nikakunja mikono, nikakamua, nguo zote, yeye ananionesha pa kuanika. Mwaka mzima kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kumkamulia nguo, na watu wa mjini wakanicheka. Wacheke!

Mzee Pandu nilimkuta kwenye baraza yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kutaka radhi."

Akasema, "Paa nimekusamehe. Kule ndani nilikowekwa, nimekusamehe. Lakini miaka miwili, binti, nilikuwa napima ubao mara tatu, halafu namwita Mize, 'Hebu nitazamie hapa.' Nilikuwa siiamini tena kazi yangu mwenyewe. Hilo bado sijaliweza. Nikiliweza nitakwita."

Hakuniita. Kafa, Mungu amrehemu, hakuniita. Nami sikumuomba mara ya pili. Haki yake ilikuwa kunyima, na akanyima. Hilo ninalo mpaka leo, sitaki mtu anipoze kwa kunambia "alikuwa keshakusamehe moyoni". Hakunisamehe!

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaoshika mikataba. Nyinyi wa zabuni, wa stoo, wa kupokea mali na kutia saini. Msidanganyane kuwa nyinyi ni wadogo, kwamba mwenye kosa ni yule mkubwa aliyesaini chini. Mie nilikuwa mdogo kuliko wote, na paa nililiangusha mie. Mtu akija kwako hataki uibe, anataka neno tu, muulize neno hilo litakaa juu ya kichwa cha nani.

Na kama ushafanya, sema. Sema leo, mbao hazijapanda juu. Wewe kwanza utaumia, sikudanganyi, na watakaokusifu ni wachache. Wengi watakwambia umejidhalilisha. Mie wananambia mpaka leo, ati nafukua mambo yaliyozikwa. Nafukua, ndiyo! Niliyazika mie, haki ya kuyafukua ni yangu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alikuja kwangu kutoka kazini, kakunja uso. Mkubwa wake alikuwa anamtaka atie saini kwamba mabomba ya maji ya kijiji fulani yamefika yote, na yeye kaenda stoo, hakuyaona.

"Bibi, nikikataa watanifukuza."

"Wakufukuze," nikamwambia.

Wamemfukuza. Yuko hapa kwangu, kalala chumba cha nyuma, anakula tunachokula. Watu wanaulizia kakosa nini. Nawajibu kwa sauti, mlango wazi, mtaa wote usikie.